Jinsi ya Kumchunguza Mposaji Aitwaye Suheli

Barua ya posa ikiingia nyumbani haijibiwi siku hiyohiyo. Mshenga hukaribishwa, hupewa chai, huulizwa habari za safari. Akishaondoka, wazee husogeza viti. Kijana huyu ni nani? Kwao wapi? Jina lake amelipata kwa nani? Ana nini, anafanya kazi gani, na waliowahi kusafiri naye wanasemaje? Sura haiulizwi, maana sura imeshaonekana, na ndiyo iliyomfikisha mlangoni.

Kuna mposaji mwingine ambaye kila mwaka, majira ya kaskazi, hujitokeza upande wa kusini wa anga letu akiwa amependeza kuliko nyota zote isipokuwa moja. Jina lake Suheli. Wanajimu wa dunia wanamwandika Canopus, na kwa mng'ao ndiye nyota wa pili katika anga lote la usiku. Mtu akimwona mara ya kwanza akiwa ufuoni, upepo umetulia na maji yamekupwa, moyo hutoka mbio.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mtu huyo. Usiuzuie moyo, ila uchelewesheni kidogo, wewe na jamaa zako, mpaka maswali yaishe. Nyota hupendwa na kila mwenye macho. Anayejua jina lake lilikotoka humpenda kwa namna nyingine, kama mtu anavyompenda ndugu.

MAHITAJI

Ngumi moja, ya kwako mwenyewe. Mkeka. Usiku mmoja usio na mbalamwezi, kati ya Januari na Machi. Mahali ambapo upande wa kusini hauna ghorofa wala taa kali: ufuo, uwanja wa mpira, au paa la nyumba. Na mtoto mmoja, awe wako au wa jirani aliyekubali kukuazima. Mtoto huyu usimsahau, maana bila yeye hatua ya mwisho haifanyiki.

HATUA YA KWANZA: MWONE KWA MACHO YAKO

Habari za mposaji haziaminiwi kwa kuambiwa tu. Chagua siku ya kwenye tarehe 20 Februari, saa tatu usiku. Ukiwa Unguja, Dar es Salaam au Mombasa, lala chali juu ya mkeka. Karibu na utosi wa anga utaiona nyota inayozishinda zote. Huyo ni Shira, ambaye Wazungu humwita Sirius. Mheshimu, ila usikae kwake. Shuka kutoka hapo kuelekea kusini.

Sasa nyoosha mkono mpaka kiwiko kifunguke kabisa, ukunje ngumi. Upana wa ngumi hiyo, kutoka upande wa kidole gumba hadi upande wa kidole cha mwisho, unafunika takriban digrii 10 za anga. Mtoto mwenye mkono mfupi ana ngumi ndogo, kwa hiyo kipimo chake hakitofautiani sana na chako. Kutoka kwa Shira shuka ngumi tatu na nusu. Hapo amesimama Suheli, mweupe wenye umanjano kidogo, na hakuna wa kushindana naye katika upande wote ule.

Kisha pima kutoka chini. Weka ngumi ya kwanza juu ya mstari ambapo bahari inakutana na anga, panda ya pili, ya tatu, ya nne. Mombasa ngumi nne zinamfikia. Unguja utahitaji nne na kipande. Ndugu yako aliyeko Muscat akipima akiwa kwake, atapata ngumi moja na vidole viwili basi. Kwake Suheli yuko chini, nuru yake inapita kwenye hewa nzito ya upeo, anatetema na kubadili rangi. Kwetu ametulia.

Andika hesabu hizo mahali, maana zina kazi mbele.

HATUA YA PILI: HAKIKISHA NDIYE, NA USIAPE

Hapa ndipo wengi huangukia. Waarabu wa kale waliziona nyota mbili za kusini, Hadar na Wazn, zikichomoza kabla ya Suheli. Mtu akasema, “Wallahi, ni Suheli!” Mwenzake akasema, “Wallahi, siye!” Mmoja kati yao amekula kiapo cha uongo bila kukusudia. Ugomvi huo ulirudiwa mara nyingi mpaka nyota hizo mbili zikapewa jina lake: waziapishao watu. Jina hilo halijafa. Nyota mojawapo ya kundinyota Kantarusi inaitwa Muhlifain hadi leo, na maana yake ni hiyohiyo: wawili waapishao.

Mwangalie pia mwenye jina linalofanana. Zohali ni sayari, ile yenye pete. Suheli ni nyota. Ukimtuma mshenga kwa Suheli akaenda kwa Zohali, mahari imepotea.

Liko na jambo la tatu, nalo linaniuma. Umoja wa Kimataifa wa Wanajimu ulipoidhinisha orodha ya majina ya nyota mwaka 2016, nyota yetu iliandikwa Canopus. Jina Suhail halikutupwa, ila alipewa jirani yake hafifu aliye kwenye kundinyota Tanga. Sababu inaeleweka: Waarabu waliita nyota kadhaa za upande ule kwa jina la Suhail, kila mmoja na lakabu yake, kama mtaa wenye akina Juma watano. Lakini mtaa wenye akina Juma watano una mmoja ambaye hahitaji lakabu. Ukisema “Suhail” peke yake Uarabuni, au “Suheli” peke yake pwani, watu wanamtazama huyu mkubwa.

Usione haya ukikosea. Tarehe 28 Novemba 1964 Marekani ilirusha chombo cha Mariner 4 kuelekea Mirihi. Ili kisipinduke njiani, kilipewa alama mbili za kushika: Jua upande mmoja, na Suheli upande mwingine. Jicho lake la mitambo likashika nyota nyingine kabla ya kumpata mwenyewe, na hata baada ya kumpata likachanganywa na chembe za vumbi zilizopita mbele yake ziking'aa kwa mwanga wa Jua. Wahandisi wakalirekebisha kwa amri kutoka duniani. Julai 1965 chombo kikaipita Mirihi na kuleta picha za kwanza za sayari hiyo zilizopigwa kwa karibu. Kosa ni lile la wachunga ngamia wa jangwani, na dawa ni ileile: tazama tena kabla hujasema.

HATUA YA TATU: ULIZA MAANA YA JINA

Mposaji mwenye majina mawili huulizwa mara mbili.

Jina la Kiarabu ni Suhail. Lina mzizi wa sahl, yaani tambarare, laini, jepesi. Ndio mzizi uliotupa “sahali”, jirani wa karibu wa neno letu “rahisi”. Suhail lina umbo la kudogosha kwa upendo, kama tunavyomwita mtoto kajina kadogo. Kwa nini nyota kubwa hivi iitwe kwa mzizi wa ardhi laini? Mtazame anavyotembea ukiwa Uarabuni. Hapandi mlima wa anga. Anachomoza kusini, anapita chinichini juu ya mchanga, anazama. Wataalamu wa lugha wametoa maelezo zaidi ya moja, na watu wa kawaida wakajumlisha yao: mzuri, mwema, mwenye haiba. Wavulana wengi wa Ghuba na wa pwani yetu wamepewa jina hilo kwa maana hiyo ya mwisho.

Jina Canopus linatoka kwa Wagiriki. Wao walisimulia juu ya Menelaus, mfalme wa Sparta, aliyekuwa akirudi kutoka vita vya Troya. Rubani wa jahazi lake aliitwa Canopus. Walipotia nanga Misri, rubani akaumwa na nyoka, akafa, akazikwa hukohuko. Mji wa pwani karibu na Aleksandria ukaitwa kwa jina lake, na nyota pia. Wapo wanaosema jina ni la Kimisri na lina maana ya ardhi ya dhahabu. Mimi navutiwa na lile la rubani, kwa sababu mataifa mawili yasiyosikilizana lugha yalimtazama mtu mmoja angani na yote mawili yakamfikiria msafiri.

Jifunze hapa kuheshimu nukta. Nyota nyekundu ya kundinyota Jabari, kaskazini mwa Shira, iliitwa Yad al-Jauza, mkono wa Jauza. Kwa Kiarabu herufi ya y mwanzoni mwa neno ina nukta mbili chini, na b ina nukta moja. Mnakili akapoteza nukta moja, mkono ukasomwa kwa b, na Ulaya ikajenga juu ya kosa hilo mpaka ikafika Betelgeuse. Nukta moja ilitosha kumwondolea bibi harusi mkono wake. Huyo bibi harusi mkumbuke, anakuja.

HATUA YA NNE: ULIZA UKOO, NA YALIYOTOKEA

Hili ndilo swali ambalo mshenga hulikwepa. Uliza hata hivyo.

Wasimulizi wa Kiarabu walisema Suhail alimwoa Jauza, yule jitu la kike ambaye sisi leo tunaona nyota zake katika kundinyota Jabari. Usiku wa harusi akamvunja mgongo, akafa. Suhail akakimbilia kusini asishikwe. Alikuwa na dada wawili, wote wakiitwa Shira. Mmoja akavuka mto wa Njia Nyeupe kumfuata kaka yake. Ndiye Shira al-Abur, maana yake aliyevuka. Mwingine akabaki ng'ambo, akalia mpaka macho yakajaa matongo na nuru yake ikafifia. Ndiye Ghumaisa, ambaye ramani za leo zinamwita Procyon.

Mzazi yeyote akisikia hayo hufunga mlango, na ana haki. Lakini kabla hujafunga, rudi kwenye mkeka, utazame. Jauza yuko katikati ya anga. Shira mwenye kung'aa yuko ng'ambo moja ya Njia Nyeupe, upande wa Suheli. Shira hafifu yuko ng'ambo ya pili, peke yake. Suheli yuko mbali kusini. Kila aliyetajwa yumo mahali pake hasa. Aliyeijua hadithi aliweza kutoka kwa nyota mmoja hadi mwingine gizani bila karatasi, na asingesahau, kwa sababu mauaji na kilio havisahauliki. Watu wasiokuwa na ramani waliificha ramani ndani ya msiba wa familia.

Makazi nayo yamebadilika. Wagiriki walimweka kwenye jahazi kubwa la angani, Argo. Kati ya 1751 na 1752 Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille alipima nyota za kusini akiwa Rasi ya Tumaini Jema, akaliona jahazi hilo ni kubwa mno kwa hesabu zake, akalipasua. Vipande vikuu ni vitatu, na Kiswahili kina neno la kila kimoja: Shetri, Tanga, na Mkuku. Fundi wa jahazi ukimuuliza ataanza kujibu kwa mkuku, kwa kuwa ndio ubao wa kwanza kulazwa, mgongo wa chombo chote. Mataruma na mbao hufuata, tanga huja mwisho kabisa. Suheli ameachiwa Mkuku. Jahazi limevunjwa, yeye amebaki kwenye uti wake.

HATUA YA TANO: ULIZA MALI

Uliza kwa heshima, lakini uliza.

Shira, anayemshinda kwa mng'ao, ni jirani. Yuko umbali wa miaka ya nuru 8.6. Anang'aa kama taa ya jirani inavyoingia dirishani. Suheli yuko umbali wa takriban miaka ya nuru 310, na bado anamfuata Shira kwa karibu. Zamani makadirio ya umbali wake yalitofautiana vibaya, mmoja akisema karibu, mwingine akisema mbali mara kumi zaidi. Ilibidi setilaiti ya Ulaya iitwayo Hipparcos, iliyorushwa 1989, ipime nyota kutoka nje ya hewa yetu ndipo ubishi upungue.

Kutokana na umbali huo ndipo mali yake ilipojulikana. Anatoa nuru inayozidi ya Jua letu mara zaidi ya 10,000. Upana wake ni kama majua 70 yaliyopangwa mstari mmoja. Angewekwa mahali pa Jua, uso wake ungekaribia njia ya Utaridi, na dunia isingekuwa na mtu wa kuandika mwongozo. Wanajimu wanamweka kwenye daraja la majitu ng'avu: juu ya majitu ya kawaida, chini ya majitu makuu. Nyota hufika hapo baada ya kumaliza hidrojeni iliyokuwa ikiungua kwenye kiini chake, ndipo hutanuka. Angehamia alipo Shira, usiku usio na mwezi tungeona vivuli vyetu kwa nuru yake.

Na nuru unayoiona usiku huo ni ya zamani. Ilipomtoka Suheli, Waomani walikuwa wameitwaa Ngome ya Yesu ya Mombasa kutoka kwa Wareno miaka kadhaa nyuma, Desemba 1698. Tangu hapo imekuwa safarini, haikutua popote, na mahali ilipotua kwanza ni ndani ya jicho lako. Mahari ya namna hiyo usiihesabu haraka.

HATUA YA SITA: ITA MASHAHIDI

Usimwite shahidi mmoja. Waite wengi, wasiojuana.

Shahidi wa kwanza ni Posidonius, msomi wa kisiwa cha Rhodes, aliyeishi karne ya kwanza kabla ya Kristo. Alisema kwamba akiwa Rhodes Suheli hugusa tu upeo na kuzama, lakini Aleksandria hupanda sehemu ya 48 ya duara. Akazidisha umbali kati ya miji hiyo miwili kwa 48, akapata mzunguko wa dunia. Hiyo ni hesabu yako ya ngumi, ileile uliyoandika kwenye hatua ya kwanza. Tofauti kati ya ngumi moja na vidole viwili vya Muscat na ngumi nne na kipande za Unguja ndiyo dunia yenyewe inavyojikunja chini ya jahazi.

Shahidi wa pili yuko Makka. Waandishi wa Kiislamu wa karne za kati waliandika, na wapimaji wa karne ya 20 wakathibitisha, kwamba mhimili mrefu wa Kaaba umeelekea mahali Suheli anapochomoza. Mwislamu wa Lamu na wa Kigoma anayeelekea Kibla anaielekea nyumba ambayo mhimili wake unaielekea nyota hii.

Shahidi wa tatu ni joto. Watu wa Ghuba humngojea Suheli alfajiri, kwenye tarehe 24 Agosti. Mchana unakuwa bado mkali siku hiyo, lakini mtu akimwona amechomoza hukunjua uso, kwa kuwa usiku umeanza kupoa na kiangazi kimevunjika nguvu. Siku za mwaka wa jadi huhesabiwa kuanzia hapo, kumi kumi. Qatar iliporusha setilaiti yake ya kwanza mwaka 2013 iliiita Es'hail, kwa jina la nyota hii.

Shahidi wa nne ni bahari, naye ndiye wetu. Ahmad ibn Majid, aliyezaliwa Julfar kwenye karne ya 15, aliandika vitabu vya kuongoza vyombo kutoka Bahari ya Shamu hadi Sofala. Mabaharia wa zama zake walikuwa na dira ya nyota yenye nyumba 32. Kila nyumba iliitwa kwa nyota inayochomoza au kuzama hapo. Kaskazini alikaa Jah, nyota isiyohama. Suhail alikuwa na nyumba mbili, kila upande wa kusini moja: hapa anapochomoza, pale anapozama. Nahodha aliyeondoka Oman na upepo wa kaskazi mgongoni alimwona Suheli akipanda usiku baada ya usiku, kidole kwa kidole, huku Jah akididimia nyuma yake. Jah akizama kabisa, amevuka mstari wa ikweta, na Mombasa haiko mbali.

Mwenye elimu hiyo aliitwa kwa Kiarabu muallim. Wareno walipompata Malindi mwaka 1498 rubani wa kuwavusha hadi Bara Hindi, waandishi wao walimtaja kwa cheo cha Malemo. Sikiliza vizuri utalisikia neno letu ndani ya midomo yao: mwalimu. Kabla ya ubao na chaki, mwalimu wa bahari hii alikuwa mtu anayejua nyota ipi ifuatwe.

HATUA YA SABA: ULIZA AMEIFANYIA NINI FAMILIA YAKO

Mposaji anaweza kuwa na mali, sifa na mashahidi, na bado akawa hajawahi kumsaidia yeyote wa nyumbani kwenu kubeba hata ndoo. Swali hili ndilo lililonifanya niandike.

Nilipokuwa mdogo, jirani yetu alikuwa baharia mzee aliyeshona nyavu barazani. Mikono yake ilikuwa migumu, lakini ilipita kwenye matundu ya wavu kama inavyosuka nywele za mtoto. Alikuwa akitutuma. “Mjukuu wangu, kaniletee kamba, iko mlango wa suheli.” Tulidhani Suheli ni mtu, mwenye mlango. Tulikuwa tukiuzunguka ukuta kwa adabu, tunabisha hodi, tunangoja aitike. Miaka mingi baadaye nilifungua kamusi nikalikuta neno: suheli, kusini. Nikatoka nje nikasimama pale ulipokuwa mlango ule, nikatazama juu. Alikuwepo.

Hiyo ndiyo kazi aliyotufanyia. Waarabu walimpa nyota jina. Waswahili walichukua jina la nyota wakalifanya upande wa dunia. Kulikuwa na jaa, kaskazini, kutoka kwa Jah. Kulikuwa na suheli, kusini. Nyumba ilikuwa na mlango wa suheli, shamba na mpaka wa suheli, kaburi na ubavu wa suheli. Mtu asiyewahi kupanda jahazi alikuwa akielekezwa kwa nyota mchana kweupe, kwenda kuchukua kamba.

Wakulima nao walikuwa na yao. Kilimia, lile kundi dogo la nyota, wamemwita hivyo kwa sababu ya kulima, na jina hilo halikuja na jahazi. Lugha yetu ilikuwa na mikono miwili, mmoja wenye jembe na mmoja wenye usukani, na yote miwili ilishika nyota.

Leo watoto wengi wa pwani wanamjua Zuhura, ile sayari, kama jina la shangazi tu, na kusini ni mshale kwenye simu. Simu ni njema, nami naitumia. Lakini mshale wa simu hauna dada anayelia ng'ambo ya mto, hauna rubani aliyezikwa Misri, hauna kiangazi kinachovunjika. Unakupa upande na kukunyima hadithi, na upande usio na hadithi mtu husahau mara betri inapokwisha. Neno suheli linaondoka vinywani pamoja na wazee waliolitumia, na kila linapoondoka, kipande cha bahari yote ya Hindi kinaondoka nalo.

HATUA YA MWISHO: JIBU POSA

Wazee wakusanyike. Yasomwe yote: jina limeulizwa, mali ipo, mashahidi wametoka Rhodes, Makka, Julfar na hata angani. Lakini yapo pia yale ya Jauza, na hayafichiki.

Ushauri wangu ni huu. Binti tusimpe. Familia yenye busara haimpi binti mtu aliyekimbia usiku wa harusi, hata awe na nuru ya majua 10,000. Mshenga aambiwe kwa upole, apewe chai nyingine, arudi.

Ila mposaji tusimfukuze. Kazi tunayo ya kumpa, na ni kazi aliyoifanya pwani hii kwa karne nyingi bila kuomba. Mwite yule mtoto uliyekuja naye, ambaye sasa ameshaanza kusinzia kwenye mkeka. Mwamshe taratibu. Mkunjie ngumi, umnyooshee mkono, umhesabie kutoka kwenye maji: moja, mbili, tatu, nne. Akifika, mwambie jina. Halafu kesho asubuhi, anga likiwa jeupe na nyota hazionekani, mtume akakuletee kitu mlango wa suheli, umtazame atakakoelekea.